Vita ikianza eti mafuta yameisha? Tuwekane sawa

Kila vita ikilipuka kule Ghuba utasikia watu wanasema mafuta yanaisha duniani ndo maana bei inapaa. Hapana jamani. Dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku, pipa moja lita 159, na yaliyoko chini ya ardhi hayapungui eti kwa sababu bomu limelia, kinachotikisika ni yale yanayotakiwa kutoka na kufika leo. Mlangobahari wa Hormuz, ile njia nyembamba ya meli kutoka Ghuba, kwa kawaida unapitisha kama mapipa milioni 20 kwa siku, sasa pakianza vitisho pale hata meli haijaguswa bima inapanda, wanunuzi wanagombania mzigo, bei imesharuka.

Lingine, eti risasi ya kwanza ndo inapandisha bei. Angalia 1990. Iraq inavamia Kuwait tarehe 2 Agosti, mapipa zaidi ya milioni 4 kwa siku yanatoka sokoni, bei ya pipa inatoka chini ya dola 20 mpaka inapita 40 mwezi wa kumi, na hii ni wakati Saudi Arabia imeshaongeza uzalishaji na sehemu kubwa ya pengo imezibwa! Watu walikuwa wanaogopa visima vya Saudia navyo vitapigwa. Halafu 17 Januari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zinaanza kupiga Baghdad, mji mkuu wa Iraq, na siku hiyohiyo bei inaanguka karibu theluthi, maana visima vya Saudia viko salama na akiba za dharura zimefunguliwa. Yaani vita yenyewe ilipoanza ndo bei ikashuka.

Na wale wanaosema nchi yao hainunui huko kwa hiyo haiwahusu, bei ni ya soko la dunia ndugu zangu. 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, mafuta mengi ya Urusi yaliyokataliwa Ulaya yaliishia India na China, mzigo haukupotea, ila Machi bei ilipita dola 120 na kila mnunuzi aliumia.

Kuhusu akiba, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zinatakiwa ziwe na akiba ya siku 90 za mafuta wanayoagiza nje. Wengi wanadhani hiyo inatosha kuziba chochote. Ya serikali ya Marekani imehifadhiwa kwenye mapango ya chumvi Texas na Louisiana, na hata kwenye makaratasi pampu zake hazitoi zaidi ya mapipa milioni 4 na nusu kwa siku, hebu linganisha na zile milioni 20 za Hormuz.