Je, wajua kwa nini jirani mwenye dishi hushangilia goli kabla yako wewe unayetazama kwa simu?

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, kaa na simu yako kwenye kibaraza chochote cha Mabatini au Nyamanoro, hapa jijini Mwanza, kinachotazama bondeni. Programu umelipia, bando lipo, picha inang'aa. Kwenye kioo chako mpira ndiyo kwanza unawekwa kwenye kona, mpigaji anarudi nyuma hatua mbili. Mara kelele zinalipuka kwenye kibanda umiza cha huko chini, bodaboda wanapiga honi, mtoto wa jirani anapita mbio akilitaja jina la mfungaji. Wewe bado unamtazama mpiga kona. Umeshajua kuwa ni goli, umeshajua hata aliyefunga, na mpira haujapigwa.

Kila aliyeacha king'amuzi akahamia kutazama kwa intaneti anaijua kero hii, na wengi hulaumu mnara au aina ya bando. Ukweli ni kwamba hata ungekuwa na intaneti ya kasi kuliko mtu yeyote jijini, bado ungechelewa. Sehemu kubwa ya sekunde hizo imewekwa makusudi na waliotengeneza mfumo wenyewe, na wana sababu nzito.

Tuanze na umbali, maana ndiyo dhana ya kwanza inayomjia mtu. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Picha inapanda kutoka kituoni hadi huko, kisha inashuka hadi kwenye dishi lako, jumla kilomita 72,000 hivi. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari nzima inamalizika kwa robo sekunde. Upande wa intaneti, mkongo wa kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita elfu moja na mia kadhaa. Ndani ya uzi wa kioo mwanga hupungua kasi hadi takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini hata hivyo unafika Mwanza kabla haijapita sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa umbali peke yake, mwenye simu ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kushangilia.

Sasa ongeza kelele za kibanda umiza. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, karibu mara laki tisa polepole kuliko mwanga. Kibanda kikiwa kilomita moja kutoka kwako, kelele hutumia sekunde tatu kukufikia. Na bado zimeitangulia picha yako. Hizo sekunde nyingine zimepotelea wapi?

Zingine zinapotea hata kwa mwenye dishi. Picha ya kidijitali lazima ibanwe kabla ya kurushwa, maana ikiwa nzima ni nzito mno. Mtambo hulinganisha picha moja na zinazoizunguka, kisha hutuma kile tu kilichobadilika. Nyasi za uwanja hazijasogea, hazitumwi upya. Mguu wa mshambuliaji umesogea, huo unatumwa. Ili kulinganisha hivyo, mtambo unangoja picha kadhaa zikusanyike, na king'amuzi chako nacho kinahitaji muda wa kuzifungua. Kwa hiyo mwenye dishi naye yuko nyuma ya uwanja, mara nyingi kwa sekunde 5 hadi 10. Ndiyo maana mzee mwenye redio ya FM, mtangazaji wake akiwa uwanjani, mara nyingi humtangulia hata mwenye dishi.

Haikuwa hivi zamani. Kabla mitambo ya analojia haijazimwa Mwanza mwanzoni mwa 2013, televisheni za chogo zenye antena ya bati zilionyesha tukio karibu papo hapo. Chenga zilikuwepo, rangi zilikuwa zinakuja na kupotea, lakini mtaa mzima ulishangilia kwa pamoja. Mimi naona tulipoteza kitu pale, ingawa picha tuliyopata badala yake ni nzuri mara nyingi zaidi.

Sasa njoo kwenye intaneti, ambako mambo ni marefu. Video ya mubashara haimwagiki tu mfululizo hadi kwenye simu yako. Inakatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande ni faili linalojitegemea. Njia hii ilienea baada ya Apple kutoa mfumo wake wa HLS mwaka 2009, na hadi leo ndiyo inayotumika sehemu nyingi mno. Mwanzoni kipande kimoja kilikuwa cha sekunde 10; baadaye ushauri ukawa sekunde 6. Fikiria maana yake: kipande hakiwezi kuondoka mpaka kikamilike. Mchezaji akipiga mpira mwanzoni mwa kipande, picha ya tukio hilo inakaa inangoja sekunde nyingine tano zirekodiwe ndipo zisafiri pamoja.

Kikishakamilika, kipande kinatakiwa kiwe kimetengenezwa katika matoleo kadhaa, kuanzia lile hafifu la mtu mwenye mtandao dhaifu hadi lile la HD kwa mwenye televisheni kubwa. Kisha kinanakiliwa kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kugawa data, zilizosambazwa sehemu mbalimbali ili kiwe karibu na watazamaji. Simu yako inauliza, "Kuna kipande kipya?", inajibiwa, inakipakua. Na hapa ndipo pa kushangaza: ikishakipata, haikionyeshi. Kanuni za HLS zinaitaka programu ya kuonyesha video ianze angalau vipande vitatu nyuma ya kile kipya kabisa. Vipande vitatu vya sekunde 6 ni sekunde 18. Vikiwa vya sekunde 10, ni nusu dakika. Jumlisha na muda wa kubana, kunakili na kupakua, utaona kwa nini kuchelewa sekunde 30 ni jambo la kawaida, na wako wanaochelewa dakika nzima.

Kwa nini wanakuwekea akiba hiyo? Kwa sababu intaneti haitoi ahadi. Data hutembea kwa vifurushi vidogo vidogo. Kimoja kikipotea, simu inaomba kitumwe tena, na hilo linachukua muda. Mnara mmoja unahudumia maelfu ya watu, na usiku wa mechi kubwa nusu ya Igoma imeuinamia ule ule. Dakika hii unapata kasi nzuri, inayofuata unapata robo yake. Wakazi wa Mwanza wanalielewa hili kwa simtanki: tunaishi kando ya ziwa, lakini bomba likikata saa mbili nyumba haitetereki, maana watu wanaoga maji ya kwenye tangi. Video nayo unaitazama kutoka kwenye tangi. Mtandao ukiyumba sekunde kumi, wewe hujui, kwa kuwa vile vipande vitatu vinaendelea kuchezwa huku simu ikihangaika kutafuta vingine. Ile duara inayozunguka katikati ya kioo huiona siku tangi limekauka kabisa.

Unaweza kuliona hili mwenyewe. Kwenye YouTube, ukifungua video ya mubashara kwa kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, uchague mstari wa takwimu. Kisanduku cheusi kitatokea chenye namba zinazobadilika kila mara. Moja inakuambia una akiba ya sekunde ngapi, nyingine inakuambia uko nyuma kwa sekunde ngapi. Zitazame kwa dakika chache jioni, mtandao ukiwa umebanwa, utaona akiba inavyopanda na kushuka bila picha kukwama hata mara moja. Na kwa kuwa kila kifaa kinajipangia akiba yake, simu mbili zilizolala kwenye meza moja, programu moja, mechi moja, zinaweza kutofautiana kwa sekunde kadhaa.

Dishi halina tangi la namna hiyo kwa sababu halina mazungumzo na mtu. Setilaiti inarusha nakala moja, na mwenye dishi Kirumba, aliyeko Sengerema na mvuvi aliyeko kambini Ukerewe na paneli yake ya sola wote wanaipokea ile ile kwa wakati ule ule. Wakiwa kumi au laki kumi, setilaiti haielemewi. Intaneti, kwa namna inavyotumika sasa, humtumia kila mtu nakala yake. Watu 10,000 wakitazama kwa megabiti 2 kwa sekunde kila mmoja, hiyo ni gigabiti 20 kila sekunde inayotakiwa kupita mahali fulani. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya njia hizi mbili, na kwa maoni yangu haielezwi vya kutosha kwa watu wanaoshawishiwa kutupa madishi yao.

Lakini dishi nalo lina deni lake. Likikosa data, haliwezi kuomba irudiwe. Kilichopotea kimepotea, na picha inapasuka miraba miraba. Hapa kwetu adui ni mvua. Mawimbi ya televisheni za setilaiti yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone mazito ya mvua huyameza na kuyatawanya. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana barani, hasa usiku, na mechi za Ulaya nazo zinachezwa saa nne au saa tano usiku. Wingu likishatanda juu ya Capripoint, mwenye dishi ajiandae. Mwenye intaneti ya mkongo anaendelea kutazama, mradi umeme upo.

Mwenye intaneti ya simu ana shida nyingine, nayo ni mawe. Nyumba iliyojibanza nyuma ya jabali la granaiti huko Kigoto au Bugando inaweza kuwa karibu kabisa na mnara lakini isiuone. Dishi, kwa kuwa linatazama juu, linaruka mawe hayo yote. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na fundi anayefunga dishi la setilaiti iliyoko nyuzi 36 mashariki anajua kwamba setilaiti hiyo iko karibu na utosi. Jabali lazima liwe kubwa kweli ndipo likuzuie. Tena tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikadorora nchi nzima, madishi hayakutikisika.

Basi mtu aache king'amuzi au asiache? Kwa filamu, tamthilia, katuni za watoto na mahubiri, sekunde 30 hazina maana yoyote. Hakuna jirani atakayepiga kelele kabla yako kwamba shujaa ameoa. Hapo intaneti inashinda waziwazi: unatazama unachotaka, unasimamisha ukienda jikoni, na hulipii chaneli themanini ili utazame mbili. Kwa mpira, mimi bado naona dishi ndilo la mtu anayejali, na mwenye kibanda umiza asithubutu kuliacha. Piga pia hesabu ya bando: mechi ya karibu saa mbili pamoja na mapumziko, kwa ile megabiti 2 kwa sekunde, inakula takriban GB 1.8. Ukipandisha hadi HD, inaweza kuzidi mara mbili au tatu. Anayefuatilia ligi mbili kwa bando la simu anaweza kujikuta amelipa zaidi ya kifurushi cha king'amuzi.

Wataalamu wanaendelea kupunguza sekunde hizi. Mwaka 2019 Apple walitangaza toleo la HLS ambalo kipande hugawanywa tena vijipande vidogo visivyofika sekunde moja au vinavyoizidi kidogo, vikatumwa hata kabla kipande kizima hakijakamilika. Kwa njia hiyo mtazamaji anaweza kuwa nyuma kwa sekunde chache tu, sawa na mwenye dishi. Ila akiba nayo inapungua. Kwa mwenye mkongo nyumbani ni habari njema. Kwa aliyeko kwenye mnara uliojaa, picha itaganda mara nyingi zaidi. Kampuni nyingi, zikijua wateja wao wengi wanatazama kwa simu, zinaona afadhali uchelewe kuliko ugande, na sioni kama zinakosea.

Kuna machache unayoweza kufanya. Kununua bando kubwa zaidi hakupunguzi kuchelewa, na kushusha ubora wa picha kunasaidia isikwame tu. Ila ukishasimamisha video hata kidogo, au ikiganda kisha ikaendelea, utakuwa umerudi nyuma zaidi ya wengine. Bonyeza alama ya mubashara kwenye programu, au ifunge na kuifungua upya, ikurudishe mbele. Zima pia taarifa za programu za matokeo na unyamazishe makundi ya WhatsApp mpaka filimbi ya mwisho. Ujumbe wa maneno mawili ni mwepisi, haukatwi vipande wala hausubiri akiba, na utakupita njiani kila mara.