Mgonjwa anapumua mwenyewe, ventileta ya nini? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Ventileta, yaani mashine ya kusaidia kupumua, ndiyo inayopumua, mgonjwa amelala tu.

Si lazima. Kwenye mpangilio wa presha saidizi, kila pumzi huanzishwa na mgonjwa. Diaframu, kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, ikishuka, hewa huanza kuvutwa. Kihisi kikigundua mvuto wa lita 1 hadi 3 kwa dakika, mashine husukuma hewa hadi presha iliyowekwa, tuseme sentimita 10 za maji (kipimo cha presha) juu ya PEEP, yaani presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi. Mtiririko ukishuka hadi asilimia 25 ya kilele chake, mashine huacha kusukuma naye hutoa pumzi.

Dhana: Ukiongeza msaada, mgonjwa anapumzika zaidi.

Hapa ndipo watu hukosea sana, tena kwa nia njema. Msaada ukizidi, kila pumzi huwa kubwa na ndefu, muda wa kutoa hewa hautoshi, na hewa hunasa mapafuni, hasa kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Ikinasa presha ya sentimita 8 juu ya PEEP, mgonjwa lazima avute hizo 8 zote kwanza ndipo kihisi kimsikie. Asipoziweza, amejitaabisha bure.

Weka mkono kifuani mwake uhesabu dakika nzima. Kifua kikiinuka mara 30 na skrini ikaandika 18, juhudi 12 zimepotea. Kwenye mchoro wa mtiririko utaona kishimo kidogo katikati ya mstari wa kutoa pumzi. Kuongeza wepesi wa kihisi kugundua mvuto husaidia kidogo tu, kwa kuwa kizuizi ni hewa iliyonasa. Punguza presha saidizi kwa sentimita 2 kila mara hadi ujazo wa pumzi ufike mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo, na kilo hizo hukokotolewa kwa urefu, si kwa mizani: mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, yaani mililita 400 hadi 530 hivi. Pandisha kile kikomo cha mtiririko kutoka asilimia 25 hadi 40 ili pumzi ikatike mapema, kisha nyonya makohozi na utibu njia za hewa zilizobana.

Usipunguze kupita kiasi pia. Akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, misuli ya shingo ikikaza na jasho likimtoka, msaada hautoshi.

Dhana: Skrini ikionyesha pumzi, basi mgonjwa amepumua.

Maji yaliyojikusanya kwenye mirija yakichezacheza, kihisi huyachukulia kama juhudi ya mgonjwa. Hewa inayovuja na mapigo ya moyo hufanya vivyo hivyo, na mtu ambaye ubongo wake umekufa anaweza kudhaniwa anapumua. Mwaga maji kuelekea kwenye chupa ya kukusanyia, kamwe si upande wa mgonjwa. Pima presha ya puto la mrija wa kooni, lile linalozuia hewa isivuje, iwe sentimita 20 hadi 30 za maji. Kihisi kipunguzie wepesi baada ya hayo, si kabla.

Dhana: Akisahau kupumua, mashine itamwacha.

Ikipita takriban sekunde 20 bila pumzi, mashine nyingi hupiga kengele na kuanza kumpumulia. Hakikisha ulinzi huo umewashwa.

Dhana: Anayepigana na mashine aongezewe dawa ya usingizi.

Tafuta sababu kwanza: maumivu, makohozi, mrija uliojikunja, kibofu kilichojaa. Usingizi mzito huilaza diaframu, nayo hudhoofika ndani ya siku chache tu.

Akibadilika ghafla na oksijeni ikishuka, mwondoe kwenye mashine, umpumulie kwa mfuko wa mkono wenye oksijeni asilimia 100. Mfuko ukiwa mgumu kubonyea, fikiria mrija ulioziba au hewa iliyovujia nje ya pafu. Ukibonyea kwa urahisi naye akatulia, kagua mashine na mirija yake kabla ya kumrudisha.