Retina na ubongo: mtafiti chipukizi achapishe wapi?

Mimba inapokua, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga, huchipuka kutoka kwenye ubongo wa mbele, na hubaki imeunganishwa nao kwa neva yenye nyuzi takribani milioni moja. Daktari anayechungulia nyuma ya jicho anaona kipande cha mfumo wa ubongo bila kupasua fuvu. Katika hospitali nyingi, hata hivyo, kliniki ya macho iko jengo moja, ya magonjwa ya neva jengo jingine, na mafaili hayakutani. Kwa mtafiti anayeanza, pengo hilo ni shamba ambalo bado halijalimwa.

Mfano mzuri uko Blantyre, Malawi. Mwaka 2004, Terrie Taylor na wenzake walichapisha katika Nature Medicine matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokuwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo. Watoto 7 kati yao walikuwa wameuawa na kitu kingine kabisa. Dalili pekee ya kitabibu iliyoyatenganisha makundi hayo mawili ilikuwa mabadiliko kwenye retina, yanayoonekana kwa kifaa cha kuchungulia jicho. Watoto 31 si wengi; nguvu ya andiko lile ilikuwa kwenye swali lililoulizwa. Karibu zaidi nasi, British Journal of Ophthalmology mwaka 1998 lilieleza ugonjwa wa neva za macho uliokuwa ukiwapunguzia vijana wa Dar es Salaam uwezo wa kuona, wengine wakipata na ganzi miguuni au kupungua usikivu. Chanzo chake bado kinajadiliwa. Atakayekuja na takwimu safi kuhusu ugonjwa huo hatakosa mhariri wa kumsikiliza.

Kwa hiyo anza na ulichonacho. Tasnifu nyingi za udaktari bingwa huishia kabatini baada ya mahafali, wakati zina data halali na kibali cha maadili tayari. Kama kazi yako ni ya macho na inalenga ukanda huu, lipo jarida la chuo cha madaktari bingwa wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, JOECSA. Kama ni kipimo au kifaa kipya kinachohama kutoka maabara kwenda kliniki, tazama Translational Vision Science & Technology; kama ni sayansi ya msingi ya neva, eNeuro. Soma makala tatu nne za jarida lenyewe kwanza. Wengi hukataliwa kwa sababu tu wamebisha mlango usio wao.

Pesa ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi. Jarida la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure na kila mtu, linaweza kumdai mwandishi zaidi ya dola 2,000, na hakuna mshahara wa daktari kijana unaobeba hilo. Wachapishaji wakubwa wengi, hata hivyo, huwasamehe ada waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, wakifuata orodha za Research4Life (mpango unaozipatia taasisi za nchi hizo majarida ya kisayansi) au Benki ya Dunia. Omba msamaha huo siku ya kuwasilisha andiko. Baadhi hawapokei ombi hilo andiko likishakubaliwa. Njia nyingine, ambayo nashangaa haisemwi sana, ni majarida ya kulipiwa na wasomaji: mengi hayamtozi mwandishi chochote.

Matapeli nao wapo. Barua pepe inayokuita "profesa mashuhuri" kabla hujamaliza shahada, ikiahidi kuchapisha ndani ya siku chache, ifute. Kuhakiki kazi ya kitabibu, yaani kupitiwa na wataalamu wengine, huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Hakikisha jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya ufikiaji huria, kama ni la aina hiyo, kisha waandikie wahariri wawili waliotajwa kwenye tovuti yake uwaulize kama wanajua kwamba wao ni wahariri. Wapo wasiojua.

Ridhaa ya mgonjwa isisubiri. Ripoti ya mgonjwa mmoja karibu kila mahali inadai ridhaa ya maandishi, na mtu akishapanda basi kurudi kwao kumpata ni kazi. Kwa Tanzania, kumbuka pia kwamba cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinakutaka upate ruhusa yao ya kuchapisha. Na majina ya waandishi myajadili kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Kuwa mkuu wa idara hakumfanyi mtu mwandishi. Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinamtaka achangie kazi yenyewe, ashiriki kuandika au kurekebisha, aidhinishe toleo la mwisho na akubali kuwajibika.

Unaweza kuliweka andiko kwenye medRxiv, tovuti ya maandiko ya tiba yasiyohakikiwa bado, bure wakati unasubiri, ilimradi jarida unalolitaka linaruhusu. Litakuwa na tarehe na litasomeka, lakini bado halijahakikiwa, basi usilitangaze kwa waandishi wa habari.

Ukikataliwa, rekebisha kile wahakiki walichokionyesha kabla ya kupeleka kwingine. Wanaochunguza retina na ubongo kwa pamoja ni wachache duniani, na mhakiki yule yule anaweza kuletewa andiko lako tena na jarida la pili.