Kikosi cha taifa cha raga sio orodha ya mastaa 15, tuache kudanganyana

Majina 23 ya mechi yakitoka tu, dakika tano haziishi kila mtu ashakuwa selekta. Fulani kaachwaje, huyu naye kaingiaje, kocha ana watu wake. Sawa, kubishana ni raha yetu na mi mwenyewe nabishana sana, ila kuna mambo tunayarudia kila mwaka mpaka yamekaa kama ukweli na wala sio.

Dhana: Chukua aliye bora kwenye kila namba, umemaliza

Hii ndio inanikera kuliko zote. Ukiwa na flanka (fowadi wa pembeni, namba 6 na 7) wawili wakali wa kuiba mpira chini lakini wote wafupi, kwenye lainiauti (mpira ukirushwa ndani kutoka nje ya mstari) unabaki na maloku wako wawili (wale warefu, namba 4 na 5) na labda namba 8 tu wa kurushiwa, na wapinzani watawasoma kama gazeti. Ukiwa na namba 10 (anayeongoza mashambulizi, mara nyingi ndiye mpiga mikwaju) anayependa kukimbia na mpira mkononi lazima mtu mwingine pale nyuma awe na mguu wa kuusukuma mpira mbali mkibanwa kwenu. Yaani kila jina unaloweka linabadilisha thamani ya jina la pembeni yake.

Mfano mzuri ni Afrika Kusini Kombe la Dunia 2023. Malcolm Marx, huka wao hatari (namba 2, katikati ya safu ya mbele), akaumia kwenye mazoezi mashindano yakiwa yameshaanza, na nafasi yake wakamwita nani? Handré Pollard, namba 10! Watu wakashika vichwa, huka anatoka anaingia mpiga mikwaju, hii hesabu gani. Lakini siku chache baadaye wakapoteza kwa Ireland 13-8, Pollard akiwa bado hajacheza, huku wakikosa mikwaju ya pointi nyingi tu, na Manie Libbok, namba 10 waliyekuwa wakimtumia, pamoja na kipaji chote cha kufungua ulinzi, mguu wake golini ulikuwa wa kubahatisha. Nusu fainali na Uingereza Libbok akatolewa hata mapumziko hayajafika, Pollard akaja kupiga penalti ya mbali karibu mwisho, 16-15. Fainali wakashinda 12-11 na pointi zote 12 ni za Pollard. Sasa je Pollard ni bora kuliko Libbok? Swali lenyewe limekaa vibaya, inategemea mechi inataka nini.

Dhana: Propu ni propu, muweke upande wowote

Propu ni namba 1 na namba 3, wanaomshika huka kushoto na kulia. Wanaosema hivi hawajawahi kuingiza kichwa kwenye skramu, pale fowadi wa timu zote mbili wanapofungana na kusukumana. Namba 1 kichwa chake upande wa kushoto kiko huru, nje, anasukumana na bega moja la mpinzani. Namba 3 kichwa kimebanwa katikati ya huka na namba 1 wa upande wa pili, anabeba mzigo wa watu wawili. Shingo, mgongo, miguu inavyokanyaga, vyote tofauti. Wapo wanaocheza pande zote mbili ila ni wachache, na kumhamisha mtu wiki moja kabla ya mechi ya kimataifa ni kumtoa kafara, penalti za skramu zitamiminika na jumatatu mtasema kumbe hana kiwango.

Ndio maana mkibishana kuhusu benchi mkumbuke jambo moja. Kwenye wachezaji 8 wa akiba lazima wawepo watatu wa safu ya mbele, wa kuweza kuziba kushoto, katikati na kulia, hiyo ni sheria, sababu ni usalama wa watu. Kocha anabaki na nafasi tano tu za kuchezea. Wengi wanaongeza fowadi wawili na mabeki watatu. Rassie Erasmus na Jacques Nienaber, waliokuwa wakiiongoza Afrika Kusini, wakaja na ile ya fowadi 7 na beki mmoja, watu wakasema ni wazimu, na kwenye fainali ile ile ya 2023 huka Bongi Mbonambi akaumia dakika za mwanzo kabisa, akaingia Deon Fourie, miaka 37, kipindi hicho anacheza zaidi flanka, akamaliza mechi yote kama huka. Lainiauti zikayumba, ndio, na tuseme ukweli New Zealand walikuwa 14 tangu kipindi cha kwanza baada ya kadi nyekundu ya nahodha wao Sam Cane. Kamari ilikuwa kamari. Ila haikuwa wazimu, walikuwa washajua nani atahama kwenda wapi kabla mtu hajaumia.

Dhana: Mdogo wa mwili hawezi mechi kubwa

Hii fupi. Antoine Dupont wa Ufaransa ana mita 1.74, Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini ni mfupi zaidi yake na alifunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli) fainali ya Kombe la Dunia 2019. Shane Williams wa Wales naye alikuwa kadogo, akawa mchezaji bora wa dunia 2008. Tuendelee.

Dhana: Toa wazee wote weka damu changa

Inapendeza kuisema mkifungwa. Kocha Eddie Jones aliifanya kweli 2023 na Australia, akawaacha wakongwe Michael Hooper na Quade Cooper akaenda Kombe la Dunia Ufaransa na vijana. Wakafungwa na Fiji 22-15, wakafungwa na Wales 40-6, na kwa mara ya kwanza kwenye historia yao wakatolewa hatua ya makundi. Siwezi kusema Hooper peke yake angewaokoa, tena alikuwa ametoka kuumia. Lakini ukibanwa kwako dakika ya 70 unahitaji mtu aliyewahi kuwa pale, anayejua lini kuongea na refa na lini kunyamaza. Hicho kitu hakipimwi jimu.

Dhana: Namba 3 au 4 kwenye foleni hana maana, kwa nini kocha anapoteza muda naye

Muulizeni Stephen Donald. Kombe la Dunia 2011 New Zealand wakampoteza namba 10 wao Dan Carter, kisha mbadala wake Colin Slade, simu ikamtafuta Donald na kumbe jamaa yuko zake anavua samaki. Akaitwa. Fainali na Ufaransa Aaron Cruden naye goti likakataa kipindi cha kwanza, akaingia huyu ambaye mashabiki wao wenyewe walikuwa washamzika. Jezi ilimbana hadi inapanda tumboni. Kipindi cha pili akapiga penalti moja tu, ikapita kwa kubana, na New Zealand wakashinda 8-7.