Kazi ya kuandika maneno ya kwenye apu: wanatutafuta wapi na kutwa nzima tunafanya nini

Chukua skrini hii, ipo kwenye apu moja ya malipo ambayo sitaitaja. Umebonyeza Lipa, kakiduara kamezunguka weee, halafu inakuja "Ombi lako halikufanikiwa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Basi. Hapo mtu anajiuliza kitu kimoja tu, hela yangu imekatwa au haijakatwa? Na skrini haijibu. Akijaribu tena anaweza kulipa mara mbili, akiacha mwenye duka hampi mzigo, kwa hiyo anapiga kastoma kea, na foleni ya kastoma kea mnaijua wenyewe.

Kurekebisha sentensi kama hiyo ndio kazi yangu, na watu wakisikia wanaona ni ya dakika mbili, si uandike tu "Hela yako haijakatwa"? Hapana bana. Huwezi kuandika haijakatwa mpaka umuulize developa hiyo hitilafu inatokea lini, na ukiuliza mara nyingi unakuta mambo matatu yamejificha nyuma ya sentensi moja: salio halitoshi, au benki imekataa, au mtandao umechelewa kujibu na hata mfumo wenyewe haujui kama hela imetoka. La kwanza na la pili unaweza kumhakikishia mtu kwamba hela yake ipo. La tatu huwezi, ukimwambia haijakatwa utakuwa umemdanganya, kwa hiyo unaandika kitu kama "Malipo yako bado yanashughulikiwa. Usilipe tena kwanza. Tutakutumia meseji yakikamilika au yakishindikana." Halafu unagundua hakuna mtu aliyetengeneza hiyo meseji! Kikao kinaitishwa, developa ananuna kidogo, meseji inatengenezwa. Ukihesabu, kuandika kwenyewe ni kipande kidogo, muda mwingi unaenda kwenye kuuliza.

Hii kazi ina majina mengi na ndio maana watu wanaikosa kwenye matangazo. Kuna uandishi wa UX (UX ni yale mtu anayopitia akitumia apu au tovuti), kuna usanifu wa maudhui, kuna wanaokuita kontenti dizaina. Usanifu wa maudhui ulikua sana serikalini Uingereza, kwenye ile timu iliyotengeneza tovuti ya GOV.UK iliyozinduliwa 2012, Sarah Richards na wenzake walikuwa wanaanza na swali la mwananchi anataka kufanya nini hapa kabla ya kuandika chochote. Upande wa kampuni, mfano tunaoupenda sana ni wa Google, waliusimulia kwenye mkutano wao wa I/O wa 2017: kwenye utafutaji wa hoteli kitufe kilikuwa kinasema weka nafasi ya chumba, wakakibadilisha kiwe angalia kama kuna nafasi, watu kukitumia kukapanda kwa asilimia 17. Mtu alikuwa bado anazungukazunguka kutazama, wao wanamwambia alipie. Huo mfano ukiujua unakusaidia sana kumshawishi bosi anayeona maneno ni mapambo tu.

Sasa kwa Kiswahili kuna mambo ambayo kozi za mtandaoni hazikufundishi. Apu nyingi zimejengwa na sentensi zenye tundu, mfumo unachomeka jina la kitu halafu unamalizia "imefutwa". Picha imefutwa, sawa, akaunti imefutwa, sawa, halafu inakuja "kikundi imefutwa" na "ujumbe imefutwa" na apu inaonekana imeandikwa na mgeni. Dawa ninayoitumia ni kuhamishia kitenzi kwa mtumiaji, "Umefuta kikundi", "Umefuta ujumbe", hapo ngeli haikusumbui tena. Saa nayo ni balaa. Kama mkopo unatakiwa kulipwa kabla ya saa 21:00 na mtu akatafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno akaandika "saa 9:00 usiku", mteja anaelewa alfajiri ile kabla ya jogoo, anaenda kulala, akiamka ana faini. Andika saa 3:00 usiku, na pembeni weka 21:00 kwa usalama.

Na meseji za simu, hapa ndio pananifurahisha kuliko pote. SMS moja inabeba herufi 160 za kawaida, lakini ukiweka alama moja tu isiyokuwepo kwenye ile orodha ya zamani ya herufi za simu, meseji nzima inashuka hadi herufi 70. Na ile koma ya juu iliyopinda ambayo Word inakuwekea yenyewe ukiandika king'amuzi haimo kwenye orodha! Kwa hiyo meseji ya herufi 120 ya kumkumbusha mteja alipie king'amuzi chake inakatwa vipande viwili, na kampuni inalipia mara mbili kwa sababu ya kakitu kadogo hako, zidisha kwa wateja wote. Weka ile iliyonyooka, tatizo limeisha. Ukilisema hili kwenye usaili wa kampuni inayotuma meseji nyingi watakukumbuka.

Kazi zenyewe huku kwetu ziko kwenye kampuni za simu, mabenki, fintech (kampuni za huduma za fedha kwa teknolojia), na mashirika ya afya na kilimo yanayotuma taarifa kwa SMS, ila mara nyingi tangazo halitasema uandishi wa UX, litasema prodakti dizaina au afisa mawasiliano, inabidi usome majukumu hadi mwisho. Kampuni kubwa za nje zinatafuta watu wa Kiswahili kupitia mawakala wa tafsiri na wengi wanalipa kwa neno, mimi huo mfumo siupendi, maana unalipwa kwa wingi wa maneno wakati kazi nzuri mara nyingi ni kuyapunguza. Lakini kama unaanza chukua, utazoea kufanya kazi na Figma, ile programu ya kuchorea skrini za apu, na kufuata mwongozo wa istilahi wa mtu mwingine.

Akili mnemba? Ndio, inaandika kitufe vizuri tu, hata Kiswahili chake si kibaya sana siku hizi. Isipoambiwa haitajua kwamba nyuma ya ile hitilafu kuna mambo matatu, na wa kuiambia ni wewe uliyeuliza.

Potifolio usiijaze mashairi wala makala. Chukua apu unayoitumia, piga picha skrini inayochanganya watu, weka yako pembeni, na eleza kwa nini, ungemuuliza developa nini, ulimpa nani asome na alikwama wapi. Mpe dereva boda, mpe shangazi yako, mwambie asome kwa sauti na wewe unyamaze, atakaporudia mstari ndipo penye kazi. Skrini tatu za hivyo zinatosha. Na wakikupa zoezi la usaili lenye skrini ishirini za apu yao halisi, wanataka kesho, bila malipo, hiyo ni kazi yao wanakufanyisha bure, fanya mbili uwaambie nyingine tutaongea kwenye mkataba.