Kwa nini Mweusi anaacha f7 ipigwe, tena kwa kusudi?

Ukitazama ubao wa sataranji kabla ya kete kuanza kutembea, kuna kitunda (kete ndogo ya mstari wa mbele) kimoja kwa kila upande kinacholindwa na mfalme peke yake: f2 kwa Mweupe, f7 kwa Mweusi (herufi hutaja safu ya kusimama, namba mstari wa kulala). Mchezaji wa klabu hujifunza mapema kupavamia hapo. Anatoa askofu hadi c4, kisha anarusha farasi g5, na vyote viwili vinaikodolea macho f7. Mweusi mwenye busara husogeza kitunda d5 kuziba njia ya askofu.

Ila kuna Mweusi mwingine. Huyu anaona hatari yote, kisha anatoa askofu wake c5, kana kwamba hakuna lililotokea. Huu ndio ulinzi wa Traxler, uliopewa jina la Karel Traxler, padri wa Kicheki. Marekani huitwa Wilkes-Barre, jina la mji wa Pennsylvania.

Mantiki yake ni kwamba f2 nayo ni dhaifu vilevile. Tuseme farasi wa Mweupe anakula f7, akawatishia malkia na ngome kwa mpigo mmoja. Askofu wa Mweusi anakula f2 na kumtishia mfalme. Mfalme akimla, farasi wa Mweusi anaruka e4 akila kitunda na kumtishia mfalme tena. Mfalme akirudi g1, malkia anatoka mtegoni hadi h4. Sasa Mweupe akitamani ile ngome ya h8, malkia anashuka f2, na mchezo umekwisha.

Mwaka 1890 mpinzani wa Traxler, Reinisch, hakumla askofu; alimsogeza mfalme e2, akamla malkia baadaye. Mfalme wake aliburutwa hadi a5, kisha akarudishwa b4, na katika hatua ya 17 kitunda kikammaliza.

Kwa wachezaji wa ngazi ya juu, ulinzi huu hauonekani sana. Jibu gumu zaidi kwa Mweusi ni f7 kuliwa na askofu badala ya farasi: mfalme anasogea e7, askofu anarudi nyuma taratibu, na Mweupe anabaki na kitunda cha ziada. Mweusi ana safu ya f iliyo wazi kwa upande wake, lakini mfalme wake amekwama katikati. Mimi ningeucheza tu pale saa inapokimbia. Dakika zikiwa chache, wengi hushindwa kujizuia kuila ngome ya h8.