Usimrudishie Mama Akili Ukurasa wa Mwisho

Mwezi uliopita nililetewa hadithi fupi nyingine ya mama aliyesahau. Nasema nyingine kwa sababu tangu watu wajue kwamba mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na juu ya hapo ni mpenzi wa kusoma, miswada ya namna hii inanifikia kama kadi za michango ya harusi. Mwenye mswada huwa anataka nimwangalizie "mambo ya hospitali". Mambo ya hospitali ni machache, dakika kumi tumeshayanyoosha. Yanayonikesha ni ya nyumbani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Binti anaacha kazi Dar es Salaam, anarudi Tanga kumuuguza mama yake. Mama hamjui tena. Anashinda barazani akitazama mbali, kimya, kurasa saba nzima, mikono yake tu ikisuka ukili wa mkeka. Ukurasa wa nane yuko karibu kukata roho, macho yanapata nuru, anamshika binti mkono, anamwita kwa jina lake na kusema: "Nakupenda sana mwanangu, asante kwa kila kitu." Anafumba macho. Mwisho.

Nikampigia mwandishi simu. Nikamwuliza, mama yako wewe, aliye mzima, amewahi kukwambia nakupenda? Akacheka. Akasema mama yake humwuliza tu, "Umekula?"

Basi tukaanzia hapo.

Sikatai kwamba wapo wagonjwa ambao akili huwarudia kitambo kidogo karibu na kufa. Madaktari wameyaandika na sisi wa wodini tumeyaona. Lakini ni nadra, na ukiyaweka mwisho wa hadithi unampa binti malipo ambayo wengi wanaouguza hawayapati kabisa. Msomaji aliyemzika mzazi wa hali hiyo ataona amedanganywa. Tena ataona amepunjwa, maana yeye hakuitwa kwa jina.

Kosa la pili ni huo ukimya. Wagonjwa hawa huongea, na mara nyingi huongea kwa adabu zao zote. Mwanamke ambaye kwake ugonjwa huu wa kusahau, Alzheimer, ulielezwa kwa mara ya kwanza alikuwa Mjerumani, Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt Novemba 1901 akiwa na miaka 51 tu. Daktari Alois Alzheimer alikaa naye akiandika maswali na majibu. Jina lako? "Auguste." Jina la ukoo? "Auguste." Mumeo anaitwa nani? "Auguste, nadhani." Mchana akala nyama ya nguruwe na koliflawa, alipoulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Jalada lile lilipotea miaka mingi, likaja kuonekana mwaka 1995. Kwangu mimi, mistari ile minne mitano inawashinda wengi wanaojiita watunzi. Angalia: yule mama hasemi "sijui". Ameulizwa, naye ni mtu mzima mwenye heshima zake, kwa hiyo anajibu. Na dalili ya kwanza aliyoiona mumewe wala haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu.

Ubongo ukikuta pengo, hulijaza. Mwulize mama ambaye hajatoka kitandani wiki mbili: asubuhi ulikwenda wapi? Atakwambia: "Nilikwenda sokoni Ngamiani, samaki wamepanda bei." Hasemi uongo. Anaamini. Na mwandishi amepewa bure sentensi ambayo mimi nisingeweza kuibuni, kwa sababu siku gani samaki hawakupanda bei?

Sasa niseme kidogo namna kumbukumbu zinavyoondoka, maana hapa ndipo miswada mingi inapopinda. Mfaransa mmoja, Théodule Ribot, aliandika mwaka 1881 kwamba mapya hutangulia kupotea na ya kale hukawia. Katika Alzheimer, ambayo ndiyo demensia (maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili) iliyo nyingi kuliko nyingine, uharibifu huanza mapema kwenye hipokampasi, kisehemu kilichojikunja ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kinachopokea mambo ya leo na kuyaandaa yakae. Kikichakaa, ya leo hayaingii. Ya miaka hamsini iliyopita yalishahama zamani, yamekaa kwingine, ndiyo maana yanadumu. Na ya mikono hudumu zaidi, kwa kuwa mikono ina njia zake. Nimemwona mzee asiyejua leo siku gani, lakini ukimtanguliza atakusomea Alhamdu bila kukosa herufi. Kisha atasali adhuhuri mara tatu, kwa kuwa hakumbuki kama amesali.

Kwa hadithi yako maana yake ni hii. Mama hajamfuta binti. Yeye anamtafuta binti wa miaka saba, mwenye sare ya shule na magoti yaliyochubuka, halafu mbele yake amesimama mwanamke wa miaka arobaini na tano anayejidai ndiye. "Mwanangu yuko skuli," anasema, "wewe nani?" Swali la haki kabisa. Wakati mwingine atampa binti nafasi nyingine: atamwita dada, dada yake aliyekufa zamani, na kwa kuwa dada ni mkubwa, atamtii. Binti atagundua kwamba akijibu kama dada, mama anakula. Siku ya tatu atakuwa anajibu kama dada bila kufikiri. Hapo pana hadithi nzima, na hakuna aliyekufa.

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaouguza, na ambalo waandishi karibu wote hulikwepa, ni la marehemu. Mama anauliza, "Baba yenu yuko wapi?" Baba alizikwa miaka kumi na miwili iliyopita. Unajibu nini?

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana msema kweli. Palikuwa na bibi mmoja akinishika mkono wa koti kila nikipita na kuniuliza mumewe. Nikamwambia, bibi, babu alifariki. Alilia kama aliyepokea habari ile dakika ile, kwa sababu ndiyo dakika ile aliipokea. Saa mbili baadaye akauliza tena. Nikajibu tena. Siku ile nilimfisha mume wake mara tatu, na jioni nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba mgonjwa "analia bila sababu". Bado naona haya kwa maneno yale.

Leo nisingemjibu vile, na singemwambia "yuko njiani anakuja" pia, maana angekaa mlangoni kumngoja hadi usiku. Ningesema, "Umemkumbuka eti? Alikuwa anapenda kula nini?" Naye angenieleza habari za bokoboko na mume aliyekuwa akilisifia la jirani. Swali lilikuwa la hamu, na hamu hujibiwa kwa kumzungumza mtu. Lakini usilifanye hili kuwa ushindi kwenye hadithi yako. Atauliza tena baada ya chai. Tena baada ya kuoga. Mwandishi akiniandikia swali hilo mara moja nasoma tukio. Akiniandikia jibu la nne la binti, lile ambalo sauti imekwisha kuwa kavu, na binti mwenyewe ameisikia ilivyo kavu, hapo ndipo naamini kwamba mtu huyu amewahi kuuguza au amekaa karibu na anayeuguza.

Wizi nao. Kanga hazionekani, dhahabu haionekani, na mwizi ni nani? Ni yule anayemwogesha. Sababu yake si ngumu: mama ameficha kitu mwenyewe, hakumbuki kukificha, na mtu aliye karibu na sanduku ni mmoja tu. Kaka aliyeko Muscat, anayetuma hela mwisho wa mwezi na kupiga simu ya video Ijumaa, hatuhumiwi kamwe. Kwenye simu mama anachangamka, anacheka, anauliza hali ya watoto. Kaka anaandika kwenye kundi la familia: "Mbona mama mzima tu?" Mswada wowote wenye sentensi hiyo naumaliza siku hiyo hiyo.

Lugha. Hili sijaliona kwenye mswada hata mmoja, nami nashangaa, maana ni letu hasa. Mwanamke amezaliwa milimani Lushoto, akaolewa Tanga mjini akiwa msichana, akalea watoto wote kwa Kiswahili. Ugonjwa ukizidi, Kiswahili, lugha aliyoijua ukubwani, kinaanza kumtoka, na Kisambaa cha utotoni kinabaki. Wanawe walijifunza salamu na majina ya vyakula tu. Mama anasema jambo refu, kwa utulivu, akiwa na akili yake yote iliyobaki, na binti haelewi. Itabidi aitwe shangazi kutoka kijijini, au muuza mboga apitaye, atafsiri. Muuza mboga ajue siri ya nyumba ambayo binti haijui. Mwenye kuitaka hadithi hiyo aichukue, simdai.

Kuogesha nitakugusia, kwa kuwa miswada huruka pale na kutua kwenye "alimwogesha kwa upendo". Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nao uungwana hautoki pamoja na kumbukumbu. Mama anayepiga kelele bafuni hana kichaa. Kuna mtu asiyemfahamu anamvua nguo. Ninavyowafundisha watu ni hivi: asivuliwe kanga. Mkalishe kwenye kigoda, mwagie maji ya uvuguvugu juu ya kanga, kidogo kidogo, ukianzia miguuni, mpe sabuni mkononi ajisugue mwenyewe chini ya kanga, nawe uongoze kiwiko tu. Kanga kavu iwe begani pako, uibadilishe bila mwili kuonekana. Na kama anayeuguza ni mtoto wa kiume? Hapo nyumba nyingi zetu hutafuta mkwe wa kike au jirani, na mara nyingine hapatikani mtu. Mwanamume anayemwogesha mama yake huku akitazama ukuta, na kila saa akimwambia anachofuata kukifanya, sijamsoma bado.

Mkwe wa kike nimemsoma, lakini kutoka Japani. Mwaka 1972 Sawako Ariyoshi alitoa riwaya kuhusu mke anayefanya kazi ofisini huku akimuuguza baba mkwe aliyechanganyikiwa. Ilinunuliwa nakala zaidi ya milioni, na jina la kitabu likawa neno la kuwaitia wazee wa hali hiyo. Wakati huo watu wengi nchini kwao walikuwa hawana pa kulizungumzia jambo hili ila sebuleni, kwa sauti ya chini. Tulivyo sisi.

Nikisema hivi huambiwa huu ni ugonjwa wa Wazungu, sisi wazee wetu hufa na akili zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwapima wazee wa vijijini wa miaka 70 na kuendelea. Karibu sita katika kila mia walikuwa na demensia. Si wachache, ila tumewapa majina mengine. Uzee. Kurogwa. Na pale jina linapokuwa mchawi, mambo huwa ya hatari: Usukumani, Kilifi, Kisii, wazee wameuawa kwa neno hilo. Hebu fikiria bibi anayeamka saa nane za usiku kwa sababu saa ya mwilini imevurugika, anatoka bila nguo, anapotea njia na kukutwa mlangoni kwa jirani, akiulizwa anataka nini hawezi kueleza. Waandishi wakifika hapa huleta umati na mapanga. Mimi ningeleta mtoto wa jirani ambaye zamani alikuja kila asubuhi kuchota maji kisimani, na sasa haji.

Kosa moja la kitabibu nisiliache, kwa kuwa linaua watu halisi. Katika mswada ule mama "alichanganyikiwa ghafla Jumatatu, Jumatano hakujua lolote". Alzheimer haina mwendo huo. Ni ya miaka. Mzee akibadilika kwa siku mbili, awe na demensia au asiwe nayo, tafuta kitu kingine: maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya, kiharusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mengi ya hayo yanatibika na mzee hurudi alipokuwa.

Mwandishi wangu aliondoka na karatasi zake, wiki mbili baadaye akaniletea upya. Mama sasa anaongea. Anauliza "Umekula?" kurasa zote nane, na ukurasa wa mwisho binti, aliyeshajibu ndiyo mara zote, anajibu, "Bado." Mama anaweka ukili chini, anasimama aende jikoni, anafika katikati ya ua na kusimama. Binti anamwacha asimame.

Nikarudisha na sahihisho moja tu. Mistari mitatu baadaye mama anarudi barazani, anachukua miyaa mikavu na kuendelea kusuka. Nikaandika pembeni: mikavu itakatika, ailoweke kwanza. Mikono yake haiwezi kusahau hilo.